Mgeni wa Granti Alivyotukuta na Bangili Zetu

Basi yule mama akaondoka na sambusa zake kwenye mfuko, anacheka, na sisi tukajua tumeshinda.

Kumbe!

Leo Ijumaa, mvua ya rasharasha tu hapa Ilford, ugenini, miye niko kitandani miguu juu, nasema na simu. Kusoma sijui, lakini simu hii ukisema inaandika, halafu Zuhura, mtoto wa kaka yangu, ananitilia kwenye blogi. Zuhura ndo aliyetuombea granti, zile pesa za serikali wanazopewa vikundi kama chetu. Sisi vizee vya Kizanzibari tunakutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa kukodi. Tukizikosa pesa hizo, mwezi ukisha mwenye ukumbi anachukua ufunguo wake.

Serikali ikamleta huyo mama aje atutazame. Zuhura katwambia, "Semeni shida zenu." Mgeni anakuja! Nani anampokea mgeni na shida? Tukapika biriani, tukafukiza udi, Bi Mwanaisha kavaa bangili mpaka kwenye viwiko kama anaolewa yeye. Na nyama ya biriani tuliichukua kwa yule Muhindi wa karibu na stesheni, kazaliwa Kampala, Kiswahili chake utacheka... hayo tuyaache.

Mama akatuuliza mmoja mmoja, Zuhura anafasiri: maisha vipi? Alhamdulillahi, hatujambo. Bi Mwanaisha, ambaye lifti ya kwao ikiharibika hatoki nje, naye hana shida yoyote.

Asubuhi jibu limekuja. Anasema kafurahi sana, lakini haoni pesa tunazitakia nini. Atapiga simu leo, amsikie mmoja wetu tena kabla hajakata shauri.

"Shangazi, mngelia hata kidogo!" Zuhura huyo.

"Tumlilie mgeni? Kwani kuna maiti?"

Akacheka. Akenda zake chini kuisubiri simu.

Na miye hapa nafikiri. Sisi tumefunzwa tangu wadogo, ya ndani huyatoi nje. Ukiulizwa hujambo, sijambo, hata kama umelala na homa.

Lakini niseme kweli? Toka Alhamisi mpaka Jumanne simsikii mtu kunita Asha. Wajukuu wananita Bibi, nawasemesha, wananijibu Kiingereza, tunapendana hivohivo. Hospitali miye Misizi. Jumatano tu ndo naingia pale mlangoni, mtu anapiga ukelele, "Asha we! Hujafa bado?"

Basi nishapona.

Hilo yule mama sikumwambia. Hata wanangu sijawambia.

"Shangazi! Shuka, yuko kwenye simu! Anakutaka wewe!"

Haya, nakuja. Ataanza kuniuliza hali, namjua. Mdomo huu leo utajibu nini?

Nakuja, Zuhura, usimkatie! Natafuta kandambili!