Mwamba wa Shimo la Sita

Kambini, 4 Februari

Shikamoo baba,

Goti linasemaje? Mimi mzima, ila jua limenipaka rangi ya chungu. Nisalimie mama.

Umeuliza huku nafanya nini hasa. Mtambo unachoronga shimo jembamba, mamia ya mita kwenda chini, unatoa mwamba wa duara mnene kama mpini wa jembe. Naupanga kwenye trei, naandika namba ya shimo na kina chake. Zamani sana mwamba huu ulikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Ulipopoa polepole, vizito vikazama, matabaka yakajipanga. Platinamu imejificha kwenye tabaka moja lenye mstari mweusi, unene wake hauzidi mkono wako. Kwa macho huioni. Maabara ndiyo inayosema.

Na imesema! Shimo la kumi na moja, upande wa mashariki, limejaa platinamu. Bosi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Binti yako

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako amezungusha barua yako mtaa mzima. Hata fundi cherehani sasa anajadili uji wa moto. Miaka thelathini nimechimba visima kwa sururu nikidhani jiwe ni la kugombana nalo tu. Kumbe lina ukoo wake!

Usiruke mlo kwa sababu ya mawe. Hayaendi popote.

Baba yako

Kambini, 20 Machi

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kimya. Afya ninayo, amani sina.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga upya stoo. Maabara huchukua nusu ya kila kipande, nusu inabaki kwetu. Nikashika kipande cha shimo la kumi na moja, kile chenye mstari mweusi, nikakisogeza karibu na cha shimo la sita. Vikaumana kama meno ya juu na ya chini. Ni mwamba mmoja, baba. Siku ile ya mvua tulikimbiza trei ndani, nikaandika namba baadaye, kwa haraka. Nilizibadilisha: trei yenye mstari mweusi ilitoka shimo la sita. Mashariki hakuna kitu cha maana.

Lakini ripoti imeshakwenda. Familia tisa zenye mashamba huko zimeambiwa zisipande msimu huu, mitambo inakuja. Nikisema, naweza kufukuzwa. Nikinyamaza, hakuna atakayejua leo wala kesho.

Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Binti yako

27 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Usiniulize ningefanyaje, niulize nilifanyaje.

Unakikumbuka kisima changu cha mwisho kabla hatujahama? Siku ya kukabidhi niliyaonja maji. Chumvi tupu. Mwenye nyumba na mkewe walikuwa wamesimama pale na ndoo mpya. Nikawaambia, "Ni vumbi la kuchimba, yatatulia baada ya wiki." Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumeshahama. Mama yako anajua nilifuata kazi. Barua hii ni ya kwanza ambayo sijampa aisome.

Sikuamrishi. Ila mvua haimsubiri mtu.

Baba yako

Kambini, 2 Juni

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Najua nimewaweka roho juu.

Siku nilipopata barua yako nilikwenda kwa bosi na vipande viwili mkononi. Akaviunganisha mwenyewe, akavitenganisha, akaviunganisha tena.

"Ungeniambia kabla sijapeleka ripoti," akasema.

"Ningejua kabla, ningekuambia kabla."

Kisha akachukua funguo za gari, tukaenda mashambani wote wawili. Nilianza kuomba radhi, mama mmoja akanikatiza: "Kwa hiyo tupande?" Nikasema pandeni. Hakungoja mengine. Alikwishageuka, anaita watu watoe majembe.

Wamechelewa, lakini mahindi yamefika magotini. Maabara imepima upya: utajiri uko shimo la sita, magharibi, kwenye mawe matupu yasiyolimwa. Mtambo umehamia huko. Mimi nimeondolewa kwenye daftari la namba. Mwingine anaandika, mimi naosha vipande. Naviosha vizuri.

Binti yako

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Mama yako nimemweleza yote. Alininunia siku mbili, ya tatu akanipigia pasi shati, akasema, "Nenda." Nikapanda basi, nikafika kwenye ile nyumba. Mke wa mwenye nyumba alinifungulia, mvi kichwa kizima. Nikamwambia sababu ya kuja.

"Kile kisima?" akasema. "Tulikifukia mwaka uleule. Siku hizi tuna bomba."

Nilidhani yameisha. Akaendelea: "Mume wangu ndiye aliyekuchagulia mahali pa kuchimba. Miaka sita alibeba maji ya mtoni begani, hakukubali mtu ampokee. Alisema kosa ni lake."

Sikujua pa kuyaweka macho. Nikamuuliza alifariki lini.

"Afariki wapi! Yuko ndani. Ingia ukamwambie mwenyewe."

Nikavua viatu, nikaingia.

Baba yako