Bandeji ya Karani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta jicho limetulia baada ya upasuaji na umeshavuliwa kile kifuniko cha plastiki ulichokilalamikia wiki nzima. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni utayasikia. Namsalimia Dada, ambaye najua ndiye anayekusomea, pamoja na Shemeji na watoto. Dada, nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea: usiruke mstari hata mmoja kwa kumwonea Baba huruma, wala usiyalainishe maneno yangu. Nimeyapima kabla ya kuyaandika.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, Baba, huniachii nafasi. Nikisema neno moja wewe unasema matatu, kisha unasema umeelewa, halafu simu inakatika. Barua huwezi kuikatisha. Nimempa dereva wa lori la matofali, naye ameniapia kwamba itakufikia Alhamisi. Nilitaka ifike kabla hujafunga safari, maana Dada ameniambia kuwa Jumamosi unarudi nyumbani, na kwamba kwenye mkoba wako umeshatia kichupa kipya cha mrututu, dawa yako ile ya bluu, kwa ajili ya mguu wa farasi wetu Karani. Habari hiyo ya kichupa ndiyo iliyoninyima raha.

Karani aliumia wiki saba zilizopita, siku ya Jumanne, tukiwa tunapakia kwenye uwanja wa tanuru. Unayajua yale mabati membamba wanayofungia mafungu ya matofali. Wakishayakata huyaacha palepale chini, na mimi mwaka mzima nimemwambia msimamizi wa tanuru ayazoe, mwaka mzima ananiitikia. Siku hiyo Karani alirudi nyuma hatua mbili, mguu wa nyuma wa kushoto ukaingia kwenye msokoto wa mabati, na alipouvuta ukachunika ngozi ya muundi, eneo la ukubwa wa kiganja changu, mpaka nikaona kitu cheupe ambacho sikutaka kujua ni nini. Nilimwita msimamizi aje aone. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, akatazama, akasema farasi naye anapaswa kuangalia anapokanyaga. Damu ilinichemka. Farasi aliyevuta matofali yao miaka tisa, mpaka watu wakampa jina la Karani kwa jinsi anavyogoma kuondoka mlangoni mwa mteja kabla mzigo wote haujashuka, leo anafundishwa kutembea na mtu ambaye kuinuka kwenye kiti chake kwenyewe ni kazi. Nilimjibu maneno ambayo Dada hawezi kuyasoma mbele ya watoto, kwa hiyo siyaandiki.

Wakati mimi nabishana, mdogo wangu alikuwa ameshavua shati lake na kuubana nalo mguu. Alikaa amechuchumaa hivyo hivyo, amekumbatia mguu wa farasi, mpaka daktari wa mifugo alipofika. Habari zaidi za mdogo wangu nitazileta mbele, nawe utazisikiliza zote.

Daktari huyo wewe humwita yule binti wa pikipiki. Naomba tangu leo umwite Daktari, kama ulivyokuwa ukimwita aliyemtangulia, ambaye nusu ya muda alikuwa hapatikani na nusu nyingine alikuwa hajiwezi kwa ulevi. Huyu alipiga magoti kwenye vumbi la tanuru saa nzima. Alitueleza kwamba kidonda cha mguuni, chini ya goti, kwa farasi si kama kidonda cha pajani. Pale hakuna minofu, kuna ngozi, kano na mfupa tu, na kushona haiwezekani kwa sababu ngozi yenyewe imeondoka. Kikichokozwa kinaota nyama badala ya ngozi, na nyama ikishazidi kimo ngozi haiwezi kuipanda. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja: kutokichokoza. Alikifunga kwa pamba na bandeji matabaka manne, akasema Karani asitoke bandani, na bandeji isifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa yeye, kila siku ya tano.

Siku tano za kwanza nilizimaliza kwa shida. Kila nilichokifanya nilikifanya huku sikio liko bandani. Akigonga sakafu kwa kwato natoka mbio, asipogonga natoka mbio zaidi. Majirani nao wakawa wanapita kwa zamu kutoa mawazo: huyu anataka mguu umwagiwe maji baridi, yule anataka upakwe grisi ya gari, na fundi viatu wa mtaani petu akaniambia wazi kuwa nimuuze kungali mapema, huku akimwangalia Karani jinsi anavyoiangalia ngozi dukani kwake. Nilimfungulia mlango atoke. Lakini siku ya tano Daktari alipofungua, alitabasamu. Pembeni mwa kidonda palikuwa na ukingo wa waridi, mwembamba sana, na akasema hiyo ndiyo ngozi mpya inayoanza safari.

Jioni ile ukanipigia. Nilipokueleza kwamba kidonda hakifunguliwi siku tano, ulicheka kicheko kile chako cha puani. Ulisema katika nyumba yetu hakuna kidonda kilichowahi kufichwa. Ulinikumbusha jinsi ulivyotupanga uani kila asubuhi tulipokuwa wadogo, kila mwenye mchubuko afungue kitambaa na auonyeshe jua, na ulivyokuwa ukiusaga mrututu kwa chupa na kuukoroga kwenye maji ya moto mpaka yawe ya bluu. Ulisema hakuna mtoto wako aliyepoteza mguu. Ukaniagiza nifungue kila asubuhi, nioshe kwa mrututu, nikianike dakika kumi, nifunge tena, na kwamba yule binti hana haja ya kujua. Nikaitikia, ndiyo Baba.

Daktari aliporudi siku ya kumi hakutabasamu. Ukingo wa waridi haukuwepo, na katikati palikuwa pameota nyama nyekundu iliyochomoza. Aliuliza kama Karani ametoka nje, nikasema hapana, na huo ulikuwa ukweli. Siku ya kumi na tano nyama ilikuwa imezidi ngozi kwa upana wa kidole. Aliikata kwa kisu huku mdogo wangu ameshika hatamu na mimi nimeshika taa ya mkononi, damu ikatujaa miguuni. Ndipo alipoichukua ile pamba ya zamani, akaigeuza kwenye mwanga, akatuonyesha doa la bluu. Aliuliza ni nani. Aliuliza kwa sauti ya chini, na kabla hatujajibu akaongeza kwamba nyama ikizidi tena, uchafu utafika kwenye kano, na hapo yeye atakuja na sindano moja tu, ile ya kumlaza Karani asiamke.

Nilijibu kuwa ni mdogo wangu. Na wewe uliponipigia, nikakuambia kuwa nilimwachia yeye kazi ya kuosha, naye akaumimina mrututu mkavu bila maji. Uliamini pale pale, Baba. Hukuuliza hata swali moja. Ulisema ulijua siku nyingi kwamba mkono wake ni mzito, kwamba tangu mdogo hakuwahi kushika kitu kikabaki kizima, ukaagiza atoke nyumbani kwako na asikanyage hadi utakaporudi. Alikuwa amesimama karibu yangu na simu ilikuwa inasikika. Alichukua blanketi lake na fulana zake mbili, akaenda kulala kwenye chumba cha magunia kule tanuruni, na yuko huko wiki ya tano sasa.

Sasa Dada, meza mate, kisha usome polepole.

Mdogo wangu hakuigusa bandeji ile. Ni mimi. Kila asubuhi kwa siku kumi niliifungua, nikaosha kama ulivyoniagiza, na kwa maji kama ulivyoniagiza, nikakianika kwenye jua la mlangoni mwa banda kama ulivyoniagiza. Kisha nikaifunga tena kwa mafundo yale yale ya Daktari, ambayo niliyasoma vizuri ili asigundue. Mrututu haukumiminwa mkavu hata siku moja. Ulikorogwa sawasawa, kipimo chako, na ndio ulioichoma ngozi mpya kila ilipojaribu kutoka. Nilidanganya kwa Daktari kwa sababu niliogopa asingerudi. Kwako nilidanganya kwa sababu nilikuogopa wewe, na pia kwa sababu tangu utoto mimi ndiye mwenye mikono ya kusifiwa nyumbani na yeye ndiye mwenye mikono ya kuvunja, basi uongo ule haukuhitaji hata kusukumwa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Najichukia kwa kuusema, lakini nawe nakukasirikia kwa jinsi ulivyoupokea, maana ulikupa mtu wa kulaumu na dawa yako ikabaki safi.

Tangu jioni ile sikuifungua bandeji tena. Siku ya nne baada ya mdogo wangu kutoka, nilijikaza nikaenda tanuruni. Nilimkuta ameketi juu ya magunia anakula mkate mkavu, nikamwomba radhi. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu kucha zangu zilikuwa za bluu. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Alisema kama Daktari angeacha kuniamini mimi, na yeye hakuna anayemwamini tangu zamani, farasi asingebaki na mtu. Alisema hivyo huku anatafuna, bila kununa. Baba, mimi nimesoma kuliko yeye na nimesifiwa kuliko yeye, lakini aliyemfikiria farasi ni yeye.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari nikamweleza yote. Alinishukia, na alikuwa na haki. Aliniuliza kama mimi nilitaka farasi apone au nilitaka Baba aridhike, kwa sababu kwa muda wote ule nilikuwa naangalia mambo mawili na kutibu moja. Alikuja siku iliyofuata na kufuli jipya, akafunga mlango wa banda, na ufunguo akamkabidhi mdogo wangu mbele yangu. Akamfundisha kufunga matabaka yale manne. Mkono unaouita mzito, Baba, hufunga bandeji isiyobana wala kulegea, na Karani, ambaye mimi hunipiga teke, humwachia mguu wake na kusinzia.

Sasa kidonda kimebaki na ukubwa wa kifuniko cha soda. Nyama imekaa chini, ngozi inaipanda kutoka pande zote. Bado anachechemea akianza kutembea, na bado sijapata usingizi wa kueleweka, kwa sababu Daktari amesema wiki hizi mbili za mwisho ndizo za hatari: ngozi hii ni nyembamba kama ya maziwa, na kuchokozwa mara moja kunaturudisha mwanzo, na mwanzo mwingine hatuna. Ndiyo maana niliposikia habari za kichupa chako sikuweza kukaa. Siandiki kukuomba, Baba, na unisamehe kwa hilo. Nakuambia. Mrututu huo umwachie Dada.

Na kuna jingine. Nimembembeleza mdogo wangu arudi nyumbani, nimelia, hata Daktari amemsemesha. Huja alfajiri, hufungua banda, humhudumia Karani, humtembeza dakika kumi uani, hufunga, kisha hurudi kulala kwenye magunia. Anasema aliyemtoa ni wewe, kwa hiyo sauti yangu haitoshi kumrudisha. Amekataa kuniachia ufunguo hata kwa saa moja, na sithubutu kumlaumu.

Kwa hiyo Jumamosi basi likikushusha, usije nyumbani moja kwa moja. Najua jambo la kwanza utakalotaka ni kumwona Karani, lakini banda limefungwa na mimi sina cha kukufungulia. Pitia tanuruni, chumba cha magunia, mlango wa pili baada ya mizani. Bisha hodi. Utakalomwambia ni lako, mimi sikuandikii, ila liwe kwa mdomo wako na lisiwe la mrututu.

Dada, kama Baba amenyamaza, usimsaidie kwa kusema lolote. Mpe maji, kisha umsomee tena kuanzia pale nilipoandika mdogo wangu hakuigusa bandeji ile.

Wasalimie watoto, waambie Karani yu hai na anakula vizuri. Shemeji naye apokee salamu zangu. Nawe Baba, ulinde jicho lako, usilisugue, na umsikilize daktari wako.

Ni mimi binti yako wa kati,
niliyekudanganya na sitakudanganya tena.