Mkono wa Kaka Veit

Pensilvania, 28 Machi 1749

Kaka Veit,

Hujambo? Mama hajambo? Miaka miwili sijapata hata mstari mmoja kutoka kwenu. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua.

Pasaka ni wiki ijayo. Wakulima wanakuja nyumbani kwangu kuandikisha majina kwa ajili ya meza ya Bwana, na mwenye ugomvi namrudisha mpaka apeane mkono na mwenzake. Jana nimemrudisha mzee Jost Hambrecht. Hajasema na ndugu yake miaka kumi na mmoja, kisa ua wa shamba! Akanikazia macho: "Na wewe Mchungaji, na ndugu zako mmepatana wote?"

Nikamjibu, ndiyo. Leo asubuhi akaenda akampa ndugu yake mkono, wakalia wote wawili. Nami niliona aibu, nikakaa kukuandikia.

Kaka, nilikuahidi kurudi baada ya miaka mitatu. Nilikuambia umtunze mama, nikirudi umwoe Kathrein wako. Lakini barua ya wito wa huku haikutaja mwisho wa kazi, na nilijua. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka kuja. Nisamehe.

Mdogo wako,
Tobias

Württemberg, 9 Oktoba 1749

Mchungaji,

Salamu zimefika. Mimi mzima, mguu tu. Mama alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Nilikuandikia, labda barua ilizama. Mpaka pumzi ya mwisho alikuwa akiuliza, "Tobias amefika wapi?" Kathrein ameolewa na msaga unga, ana watoto wanne, na kila Jumapili ananisalimia vizuri sana.

Sasa wewe unaagiza msamaha kwa barua kama mtu anayeagiza mbegu za kabichi! Huyo Jost wako ulimruhusu apeleke karatasi? Ulimwambia akampe mkono. Basi na wewe njoo unipe mkono. Mimi niko palepale uliponiacha.

Veit

Pensilvania, 20 Aprili 1750

Kaka yangu mpendwa,

Sina uso wa kukuuliza hali. Barua yako ilinifikia wiki ya Pasaka. Nimemlilia mama peke yangu, tena nimechelewa.

Jumapili, watu wamejaa, mkate uko mezani, nikawaambia: "Mimi sijaandikishwa. Sijapatana na ndugu yangu, na Jost nilimdanganya." Jost akasimama. "Si ulinirudisha mimi? Rudi na wewe!" Nikavua joho, nikatoka.

Jioni wazee wa kanisa walikuja. Mchungaji mwingine yuko mwendo wa siku tatu, na watoto tisa wanangoja ubatizo. Wakanisihi nibaki. Jost peke yake akasema, "Mwacheni aende, nyie! Akibaki hivi atatufaa nini?" Kisha akanifungia soseji za njiani.

Barua hii inatangulia. Mimi napanda meli katikati ya Mei. Usinijibu, nitakuwa nimeshaondoka.

Mdogo wako,
Tobias

Württemberg, 14 Januari 1751

Tobias, mdogo wangu,

U hali gani? Uko wapi? Barua yako ilifika Julai. Nikapaka chokaa chumba chako, nikangoja. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Nimekwenda mpaka bandari ya Roterdamu na mguu wangu huu, nikauliza gati zima. Meli ya Mei hakuna aliyeiona. Karani mmoja aliniambia, "Mzee, rudi nyumbani."

Sijui nikuandikie wapi, basi naandika hukohuko kwako.

Nilikudanganya na mimi. Mama hakuwa akikuuliza. Alinishika akasema, "Mwandikie Tobias asirudi kwa ajili yangu, wale watu asiwaache. Nimemsamehe, na wewe msamehe." Wala sikukuandikia alipokufa. Nilitaka uteseke kidogo, Mungu wangu. Kidogo tu! Tena nikakuita baharini, nikijua kifua chako.

Nimekusamehe, unasikia? Nilikusamehe niliposoma habari ya joho, hata mkono sikuuhitaji tena.

Lakini pengine uliogopa. Pengine wale wazee walikushika, ukabaki, ukaona haya kuniambia. Ikiwa ndivyo sitakasirika hata chembe. Niandikie mstari mmoja, mdogo wangu. Niambie ulinidanganya tena.

Kaka yako,
Veit