Lenzi ya Wamama Siuzi

Kyalo ndugu yangu,

Umeshindaje huko? Sisi huku tuko. Nimekaa kwa stuli yako ya studio, ile ya mguu mmoja mfupi, na lenzi zako zote ziko hapa kwa meza zimepangwa kama watoto wa kwaya wakingoja picha. Asubuhi yote nimepiga paspoti moja tu, ya mzee mwenye alikataa kuvua kofia mpaka nikaitisha usaidizi kwa mke wake. Kwa hivyo niko na nafasi, na niko na neno nilipaswa kukuambia ukiwa hai. Nitalifikia. Wacha kwanza nikupe habari za nyumbani, ndio nipate nguvu.

Mke wako, Mama Mwende, yuko sawa. Amerudia cherehani yake na anashona yunifomu za shule hapa nyuma, pale ulikuwa unatundika ile pazia yako ya kupigia picha, ya maporomoko ya maji. Hiyo pazia ameikata akatengeneza mifuko ya sokoni. Siku hizi ukipita soko ya Machakos unaona mama anatembea na kipande cha maporomoko kwa bega, ndani kuna sukuma wiki. Ungekasirika kidogo, halafu ungechukua kamera.

Juzi akaniambia anataka kabati ya lenzi aweke vitambaa. "Mutiso, chagua zenye zitakusaidia kazi, zingine uza. Na usiniletee hadithi ndefu, nakujua." Kwa hivyo nikakaa nazo. Wewe ulizinunua moja moja, za bei ya chini, zenye watu wengine wamechoka nazo, na kila moja ulikuwa unaipokea nyumbani kama mgeni.

Fifti, ile ya milimita hamsini, inabaki. Hiyo hata sikufikiria. Pete yake imelegea na rangi imetoka yote, mtu hawezi kuiokota kwa barabara, lakini uso wa mtu ukiingia hapo unatoka na heshima. Ile pana inabaki pia, kwa sababu mazishi bado ni yale yale. MC anaita watu wa ukoo, anaita wa kanisa, anaita majirani, na kila mtu anataka kuonekana kando ya jeneza. Hata mazishi yako niliyapiga na hiyo. Watu wako wote waliingia, hata shangazi yako wa Mwala na ile kofia yake kubwa.

Twiga, ile lenzi yako ndefu, inaenda. Pole. Najua ulipenda ule urefu wake, lakini ukiinamisha inateremka yenyewe kama soksi, na siku ile ya michezo ulirudi na picha za magoti ya refa. Tuseme ukweli, Kyalo. Twiga ilikuwa mapenzi tu.

Halafu nikafika kwa ile ya Wamama.

Unakumbuka vile ilipata hilo jina. Kuvu ilikuwa imeshaingia ndani ya kioo, nyuzi nyuzi kama buibui amejenga, na picha zote zinatoka na ukungu. Mtu mwingine angeitupa. Wewe ukampiga nayo mama mmoja wa kanisa picha, akaona mikunjo yote ya uso imepotea, akaleta chama chote. "Nipige na ile yenye inanipenda," walikuwa wanasema. Mpaka leo wanaiuliza. Tulicheka sana na hiyo lenzi. Lakini mimi kila nikicheka, nilikuwa naangalia kando.

Sasa sikia.

Ile kuvu haikutoka kwa Karanja, fundi wa redio mwenye alikuuzia hiyo lenzi. Ilitoka kwangu.

Ni ile harusi ya Mitaboni, wakati ulikuwa na malaria ukanituma peke yangu. Ulikuwa umetoka tu kuinunua hiyo lenzi kwa Karanja, haijamaliza hata mwezi, ukanipa ukisema, "Beba kama yai." Mvua ikaanza maharusi wakitoka kanisani. Wewe unajua huku kwetu kukavu mvua ni nini. Hakuna mtu alikimbia. Wazee walivua viatu wakacheza kwa matope, bibi harusi akainua mikono, na mimi nikapiga, nikapiga, na lenzi yako ikilowa kama mimi. Zile picha ulizisifu sana. Ulizitundika kwa dirisha.

Nikaifunga kwa karatasi ya nailoni, zile zilizokatazwa siku hizi, nikakaza fundo vizuri nikidhani naikinga. Ilikuwa bado na maji. Nikaisukuma chini ya kitanda. Na kwa sababu mvua imekuja, nilifanya vile kila mtu alifanya. Nilishika jembe nikaenda Mwala kupanda. Nikapanda, nikakaa mpaka maharagwe yakapaliliwa. Niliporudi nikafungua ile fundo, nikainua lenzi kwa mwanga. Asi. Ndani kulikuwa kumeota shamba zuri kuliko langu.

Nilipangusa nje, nikakurudishia, nikanyamaza.

Wewe uliangalia kwa balbu ukasema, "Karanja ameniuzia kuvu." Na mimi ningesema hapo hapo. Neno lilikuwa limefika kwa meno. Lakini niliogopa utaninyima kamera, na sikuwa na kazi ingine. Ukanibeba twende kwake. Ukamwambia mbele ya wateja wake kwamba anauza uozo kwa chupa. Rafiki yako, Kyalo. Mtu wa Murang'a mwenye alikuja huku kijana, mwenye mlikuwa mnacheza drafti naye kila Jumamosi na vifuniko vya soda. Akanigeukia, "Mutiso, wewe uliiona hii lenzi ikitoka hapa. Ilikuwa hivi?" Nikatingisha kichwa kukubali. Nikasema ilikuwa hivyo.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Lenzi hata si kitu. Ni hicho kichwa.

Tangu siku hiyo ulikuwa unazunguka mbali usipite ile barabara yake, mpaka ukaugua ukatuacha. Na mimi nilizunguka na wewe.

Sasa ona vile mambo hufanya. Lenzi za zamani hapa Machakos ni nani ananunua? Ni Karanja peke yake. Nilifikiria kupeleka Nairobi, nikaulizia hata kwa simu, nikatafuta kila sababu. Mwisho Mama Mwende akaniuliza kama nimeoa hizo lenzi. Nikazibeba.

Karanja amezeeka, lakini bado ana ile kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alizipokea moja moja. Twiga akaivuta, ikateremka, akaguna. Akafika kwa ile ya Wamama, akaiinua kwa mwanga, akaiweka chini polepole. Akasema, "Hii naijua. Hii ndiyo iliniita mwizi."

Halafu akanionyesha kabati yake. Ndani kuna balbu inawaka. Akaniambia tangu ile siku hajawahi kuizima, mchana na usiku, kwa sababu alikuamini. Alijua wewe huwezi kumsingizia, kwa hivyo lazima ni duka lake ndilo lina unyevu. Joto ya balbu inafukuza kuvu. Sasa watu wanatoka mpaka Nairobi kununua kwake kwa sababu lenzi zake ni safi.

Kyalo, niliangalia ile balbu. Nikakaa kwa kreti ya soda nikamwambia yote. Mitaboni, mvua, nailoni, maharagwe. Na kile kichwa.

Aliangalia balbu, akaniangalia, akaangalia balbu tena. "Kumbe miaka hii yote nimekuwa nikilipia dhambi yako stima." Akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mimi nikacheka, na nilikuwa nalia pia, sijui ni gani ilianza.

Lakini alipookota kofia hakuwa anacheka tena. Akasema, "Biashara umenisaidia, hiyo tumalizane. Lakini rafiki yangu ulimchukua. Hiyo utanirudishia aje?" Akaniambia siku ya mazishi yako alikuja mpaka geti ya nyumba yako ya Katelembo. Alisimama hapo nje akasikia nyimbo, akaona magari, akafikiria familia haitaki kuona mtu aliyekuuzia uozo. Akarudi mjini. Na mimi nilikuwa ndani nikipanga watu kando ya jeneza, na mmoja alikuwa anakosekana.

Jioni nilimwambia Mama Mwende. Alisimamisha cherehani. Alinitazama mpaka nikaona ningependa kupigwa. Halafu akasema, "Mutiso, redio yangu imekufa miaka na mimi nanyimwa fundi kwa sababu ya nailoni?" Akaendelea kushona, na mguu wake ulikuwa unakanyaga kwa nguvu sana. Hajanisamehe bado, lakini alinipakulia sahani ya muthokoi. Akaniambia nimlete Karanja nyumbani, na mimi nitangulie kuingia.

Twiga imeuzwa, pamoja na zile ndogo. Karanja alinipa bei nzuri kuliko nilistahili. Ile ya Wamama aliisukuma kwangu akasema nisimuuzie mtu yeyote, asije akagombanishwa tena. Siuzi. Nitaitumia kwa wamama wa kanisa, na mtu akiniuliza ukungu umetoka wapi, nitamwambia.

Jumamosi tutakuja kwako kaburini, mimi na yeye. Geti nitafungua mimi. Nitaongea kwanza, kwa sauti, jina langu na kile nilifanya, ndio asikie nikikuambia na wewe usikie nikimwambia. Halafu nitawaacha nyinyi wawili niende jikoni kumsaidia Mama Mwende na chai. Karanja akikawia hapo, sitamwita.

Lala vizuri, Kyalo. Nisamehe ukiweza, na ukikataa, mwambie Karanja mwenyewe.

Mutiso wako