Tuliyemzika Akapita Segera

Mjukuu wangu Zawadi,

Shikamoo yako nimeiitikia marahaba kwa sauti, peke yangu hapa Kwashemshi. Ng'ombe kazaa. Unauliza kama ni ujinga kumlilia mtu wa kwenye runinga.

Runinga ya kwanza ilipofika dukani, tulimpenda mlevi wa mchezo mmoja wa vichekesho. Kipindi cha mwisho akafa. Tukaweka matanga siku tatu.

Wiki iliyofuata nilikuwa nauza machungwa Segera. Basi likasimama, mwigizaji wa yule mlevi akachungulia dirishani, akanunua chungwa kwangu, akacheka kicheko kile kile. Wachuuzi wote wakarudi nyuma.

“Mbona hamcheki?”

Mama yangu, niliyekuwa nikiuza naye, akajifunika khanga. “Tumeshakuzika, baba.”

Yule mwigizaji akanirudishia chungwa bila kulionja. Jua lilikuwa la utosi, lakini vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Wewe lia, mjukuu wangu. Ila matanga usiweke.

Bibi yako