Pikipiki Niliyotengeneza Mimi Haizimi

Jumanne, hapa Ruiri. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi ndani ya kikombe cha chai. Moyo wangu hauko sawa.

Mimi nina miaka tisini na tatu. Nimewazika wake wawili na watoto watatu. Nimeishi kumpita Mhindi aliyeniandika kazi, na mwanawe aliyenifuta, na kila fundi aliyewahi kujigamba kwamba ananishinda. Nimeipita Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Nimezipita njaa nisizoweza kuzihesabu. Hata meno yangu nimeyapita, yamebaki manne.

Shule niliacha darasa la pili, kwa hiyo ukiona herufi imekosea mahali, wewe pita. Mjukuu wangu Kanana ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu, akaniambia, babu, andika ushujaa wako. Nimeuandika mwingi. Wenye kusoma wanajua jinsi nilivyowasha lori la mawe lililowashinda Wazungu watatu, na jinsi nilivyokuwa nasikia injini ikipita barabarani nikakuambia inaumwa wapi kabla haijapinda kona. Yale yote ni kweli, sipunguzi hata moja.

Lakini leo siandiki ushujaa.

Asubuhi nilitoka kwenda sokoni kununua tumbaku, nikakuta watu wamezunguka pikipiki ya Kirimi. Huyu Kirimi ni mtu wa boda, baba wa watoto wanne, mtu wa heshima. Pikipiki yake inamtesa tangu mvua ya juzi. Inakwenda vizuri kilomita tano au sita, halafu inakohoa, inazima. Anasimama kando, anangoja, inawaka. Inakwenda tena, inazima tena. Mafundi wawili wameshabadilisha plagi, wameosha kabureta, wamekagua nyaya zote. Nikawaambia wanipishe. Mmoja akasema, "Mzee, hii si zile pikipiki zenu za mkoloni." Wakacheka.

 Nilimwambia Kirimi aiendeshe mpaka izime, airudishe bila kugusa kitu kingine chochote, kisha afungue kifuniko cha tanki pole pole, asikilize. Akaenda akarudi. Ilizimia karibu na kisima, akaisukuma mpaka kwetu, akafungua kifuniko mbele yetu.

Tanki likavuta hewa. Fyuuu, kama mtu aliyezibwa mdomo akaachiliwa.

Kirimi alikuwa amekata mpira wa tyubu akauweka chini ya kifuniko ili maji ya mvua yasiingie. Hakujua kwamba kifuniko kina tundu dogo, na kwamba tundu lile ndilo pua ya tanki. Petroli ikishuka, lazima hewa iingie mahali pake. Ukiziba, petroli inagoma kushuka, injini inakufa kwa kiu na tanki limejaa. Niliutoa ule mpira, akapiga kiki moja, ikawaka. Yule fundi aliyetaja mkoloni akaangalia chini. Kirimi akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, ulijuaje?"

Nilirudi nyumbani bila tumbaku. Githeri imepoa hapa mezani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo miaka yote hii.

Nilijuaje? Nilijua kwa sababu ya Njeru.

Wakati wa Imajensi nilikuwa kijana, nafanya kazi nyuma ya duka la Mhindi mjini Embu. Mimi ni Mmeru, nilikuwa na pasi yangu ya kutembea yenye mhuri, na hakukuwa na wa rika langu aliyeijua spana kama mimi. Njeru alikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mdunga sindano, Muembu wa Kianjokoma, mtu mwembamba, mwenye maneno machache. Zahanati ilimpa pikipiki apeleke dawa kwenye vijiji vipya vya juu karibu na msitu, vile ambavyo watu walikusanywa kwa nguvu na kuzungushiwa mtaro wenye vijiti vilivyochongwa. Barabara ile ilikuwa ya kupanda tu, udongo mwekundu, na ukifika juu unapita kona moja ambayo miti ya msitu inakaribia kukugusa bega. Pale hapakuruhusiwa mtu kusimama. Ukisimama pale wewe ni wa watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na Wazungu, maneno yamekwisha.

Siku moja Njeru aliniletea shida ndogo. Mpira wa kifuniko cha tanki ulikuwa umeoza, na kwenye milima petroli ilikuwa inamrukia kwenye suruali. Alisema watoto wanalia akiwakaribia na sindano, na hata sindano hawajaiona bado, ni ile harufu. Tulicheka. Mpira mpya haukupatikana. Basi mimi, na akili yangu nyingi, nikachukua ngozi ya mbuzi iliyokauka vizuri, nikaikata duara, nikailainisha kwa mafuta, nikaiweka ndani ya kifuniko. Ilikaa kama imezaliwa pale. Nilipindua tanki, halikutoka hata tone. Niliwaita watu waje waone. Mhindi mwenyewe alisema kazi safi.

Ngozi ile ilikuwa nzima. Sikutoboa.

Wiki haikuisha, Njeru akarudi kusema pikipiki inazima njiani. Nilibadilisha plagi. Akarudi tena. Nikaosha kabureta. Akarudi mara ya tatu na kuniambia kitu ambacho ningekipokea kutoka kwa mtu yeyote mwenye spana mkononi, lakini yeye hakuwa nayo. Alisema kila ikizima, akifungua kifuniko cha tanki analisikia kama linahema, kisha pikipiki inawaka. Aliniuliza kama si ile ngozi.

Nilimwambia, "Njeru, kazi yako ni sindano. Yangu niachie."

Watu walicheka, naye akacheka kidogo. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikamwambia tatizo ni petroli chafu ya huko anakojaza. Aliniamini. Hilo ndilo linaniuma. Alikuwa ameshaupata ugonjwa kwa akili yake mwenyewe, akauacha kwa sababu mimi ndiye fundi.

Sasa, umbali kutoka kituo cha petroli, alikofungua tanki kujaza, mpaka kona ya msitu ulikuwa ule ule kila siku. Kwa hiyo ilikuwa inazima pale pale. Homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, walikuwa na kibanda cha ulinzi ng'ambo ya bonde. Wakawa wanamwona huyu dresa, siku baada ya siku, anasimama penye kona iliyokatazwa, anaangalia huku na huku, anafungua tanki, anainama, anafunga, anaondoka. Ungekuwa wewe ungesema nini? Wakasema ndani ya tanki mna barua. Wakasema mna dawa za watu wa msituni.

Walimleta kwenye karakana mchana mmoja, mikono imefungwa nyuma, shati limechanika begani. Homgadi wawili na afisa mmoja Mzungu, na pikipiki inasukumwa. Afisa aliamuru tanki lifunguliwe, wakaingiza waya wakakoroga, hawakupata kitu. Mkalimani wao akaniambia, huyu anasema anasimama pale kwa sababu injini inazima. Tumemwambia anadanganya, naye kila tukimpiga anasema, "Mwulizeni fundi."

Nikaulizwa.

Wote walikuwepo. Mhindi mlangoni, vibarua, wanawake waliokuwa wakipita na mizigo. Nilifunga kifuniko, nikapiga kiki moja. Ikawaka. Bila shaka ingewaka, walikuwa wametoka kulifungua tanki, limeshiba hewa. Nikaizungusha uwanjani mara mbili, nikairudisha inanguruma vizuri kabisa, nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikasema, "Pikipiki niliyotengeneza mimi haizimi."

Wengine watasema niliogopa bunduki. Ningependa sana iwe hivyo. Woga wakati ule haukuwa aibu, kila mtu alikuwa nao. Mimi sikuogopa. Nilikuwa nimeulizwa mbele ya watu kama kazi yangu ni mbovu.

Njeru hakulia, hakunitukana. Aliniangalia akasema, "Fundi." Hilo tu. Kisha wakamtia kwenye lori.

Pikipiki ilipewa dresa mwingine. Haikupita siku nne ikaletwa imesukumwa, ilikuwa imezima kwenye kona, naye alikuwa amekimbia mbio akaiacha pale kwa kuogopa kupigwa risasi. Karakana ilikuwa tupu, watu wamekwenda kula. Nilifungua kifuniko mwenyewe.

Fyuuu.

Nilikaa chini kwenye mafuta. Baadaye nikachukua msumari, nikaitoboa ile ngozi. Tundu dogo kama la sindano. Kazi ya dakika moja. Dresa alipokuja nilimwambia nimesafisha kabureta, na tangu siku hiyo haikuzima tena, wakanisifu sana.

Siku hiyo Njeru alikuwa hai. Andika hilo, moyo wangu, usiliruke. Alikuwa hai kizuizini, na akaendelea kuwa hai miezi minane, mpaka homa ya tumbo ilipoingia kambini. Ofisi ya yule afisa ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka karakana. Nilipita mbele yake kila jioni nikiwahi kurudi kabla ya saa ya kafyu, ile marufuku ya kutembea usiku. Kila jioni nilisema kesho.

Imajensi ilipokwisha, mke wake alikuja kuniona. Wawira, Mama Njagi, amemshika mkono mtoto ambaye babake hakumwona. Hakuja kwa ugomvi. Aliniambia kwamba siku moja alipanda nyuma ya mumewe, na injini ikazima kwenye kona, na yeye kwa masikio yake alisikia tanki likihema. Alilisema hilo kwa homgadi pia, lakini nani angesikiliza mke wa mfungwa. Alitaka kusikia kwangu tu.

"Fundi, kweli ilikuwa haizimi?"

Nilikuwa na spana mkononi. Nilikuwa nimeshajua miaka mingi. Nikamwambia labda marehemu hakuwa hodari wa kuiendesha.

Alisema, "Asante, fundi," akafunga leso yake kichwani vizuri, akaenda.

Nimetengeneza mashine nyingi tangu siku ile, na watu wameniita bingwa kutoka Kangeta mpaka Embu. Kila niliposifiwa nilisikia ile asante.

Mwaka jana kwenye mazishi nilisikia kwamba Mama Njagi bado yupo Kianjokoma. Macho yamekwisha, walisema, ila masikio ni ya msichana. Nilifurahi kwamba hataniona. Leo nimeona haya kwa kuifurahia habari ile.

Kesho asubuhi Kirimi atanipeleka mpaka barabara kuu, nitapanda gari la Embu, na kutoka pale nitaipanda ile barabara nyekundu ambayo sijaikanyaga tangu ujana. Wanasema sasa ina lami. Sijui kama ile kona bado ipo. Sijui kama nitafika mlangoni nikashindwa kusema, mimi ninavyojijua. Ndiyo maana nimeiandika kwanza hapa, na Kanana ataisoma kabla sijaamka, nisiweze kurudi nyuma.

Mwenye kutaka mashahidi, ninao. Kirimi wa boda, hapa Ruiri, atakuonyesha ule mpira wa tyubu na atakuambia tanki lilivyohema leo asubuhi. Mama Njagi wa Kianjokoma atakuambia pikipiki ilizima kwenye kona, alikuwa nyuma yake. Na wa tatu ni Njeru mwenyewe. Yeye hakuwa na shahidi mwingine wa kusikilizwa ila mimi, alisema neno lile lile tu, na maneno yake bado yanasimama.

Mwulizeni fundi.

Basi niulizeni. Ilikuwa inazima.