Kambale Aliyepewa Jina Langu

Ifakara,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpenzi Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba migomba yenu ya Sanje imesimama tena baada ya ule upepo. Sisi huku hatujambo. Mimi nimenenepa, dada. Ndoa imenikubali. Kelestini bado ananifuata dukani jioni, ananishikia mwamvuli wa jua mpaka majirani wanakohoa, na nikimtazama akila nasahau sahani yangu.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako anaishika shemeji, na Jumamosi shemeji huja kuvua na kina Kelestini. Juzi uliponiuliza hali ya yule kambale wa kwenye picha, nilisema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Picha unaikumbuka. Kelestini amepiga magoti topeni, amemkumbatia kambale mkubwa, anambusu penye sharubu. Chini ameandika: Oliva wangu wa majini. Wewe ulicheka. Mimi nililia kwa furaha. Mke gani mwingine Ifakara nzima jina lake amepewa samaki na mume wake?

Chama chao ni cha watu wa maofisini wanaovua kwa ndoana, si kwa kitoweo bali kwa raha. Wanamvuta samaki, wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Wanavulia kwenye bwawa la ukoo wa Kelestini, lile ambalo mto huliacha nyuma ya mashamba ya mpunga masika yakiisha. Yeye ndiye aliyewaombea kwa wazee. Wanachama walikataza kuvua kwa vyandarua, wakaokota chupa, wakasimika kibao. Alinieleza, mkono wangu ukiwa mkononi mwake, kwamba samaki wa bonde hili wanapungua, na bwawa likipumzishwa litawalea. Alivyosema vizuri, angeniambia hata mamba wanataga maandazi ningekubali. Nusu ya maneno yake naamini mpaka leo.

Lakini dada, uchafu. Chambo chao ni utumbo wa kuku uliochachishwa, na ndoo yake inakaa nyuma ya mlango wangu wa jikoni. Funza wanapanda mpaka ukingoni. Kelestini akinishika shavu naisikia harufu ile chini ya sabuni, nafumba macho, najiambia haya ndiyo mapenzi.

Sasa, ukoo wao una desturi. Kiangazi maji yakibaki ya magotini, wanawake huingia bwawani na matenga yaliyo wazi chini. Unamfunika samaki, unapitisha mkono juu, unamtoa. Wanavua kila kilichobaki kabla tope halijakiua, wanagawana. Tenga la kwanza huzamishwa na bibi harusi wa mwaka huo, na asipoingia yeye, haingii mtu. Mwaka huu bibi harusi ni mimi.

Kelestini aliniomba nisiingie. Chama kina mashindano mwezi ujao, na walikuwa wameanza kuvuta maji ya kisima kwa mashine ili bwawa lisikauke. Mama mkwe, Mama Theodosia, akamwambia mbele yangu kwamba mwanamume anayevua na kurudisha, ipo siku atavuna mpunga aurudishe shambani. Akamuuliza kati ya Oliva wawili analala na yupi. Kelestini akacheka, akasema yule asiye na sharubu. Mama akamjibu asubiri uzee.

Nilimkatalia Mama kwa ajili ya mume wangu. Wanawake wakipita dukani waliniuliza kama miguu yangu imeota mizizi.

Halafu Jumamosi moja Kelestini akanipeleka nikamwone wajina wangu. Maji yamekuwa ya kijani, mazito kama makohozi. Samaki wadogo wanaelea tumbo juu, nzi wamewafunika, na mashine inanguruma ikimimina maji juu ya uozo. Wakamvuta Oliva. Kwenye picha hakuonekana vizuri, dada. Mdomo umechanika, kipande kinaning'inia kama kandambili iliyokatika. Vidonda vimeota ukungu mweupe kama pamba. Mapezi yamekatwa kwa mkasi, alama ya kila mara alipovuliwa. Kelestini akambusu pale pale penye ukungu, kisha akageuka, akaja kunibusu mimi.

Nilitapika juu ya viatu vya mwenyekiti wao. Wote wakapiga makofi, wakampongeza Kelestini, wakidhani ni mimba. Si mimba. Ni kinyaa.

Jumatatu alipokwenda kazini nilikwenda kwa Mama kuomba tenga. Akanipa, akawaita wanawake, tukashuka bwawani. Nilizamisha la kwanza, likatoka na ruba tu, wengine wawili wamening'ang'ania pajani. Nikazamisha tena, mkono ukagusa kitu kinene, chenye utelezi, na kidole changu kikaingia kwenye ule mdomo uliochanika. Nikamjua. Mama akasema wa kuamua ni mimi, jina ni langu. Nilimpiga kichwani kwa mpini wa jembe, ndipo wengine wakaingia majini wakishangilia.

Jioni nilimpika kwa nyanya, nikapakua wali, kichwa nikamwekea mume wangu kama heshima inavyotaka. Aliutazama mdomo ule. Akatoka nje. Aliporudi alinawa, akauliza kama Mama ndiye aliyenilazimisha. Nikasema ni mimi mwenyewe. Akakisogeza kichwa upande wangu, akasema jina lako, kichwa chako.

Nilikila. Kilikuwa na ladha ya tope na ya ile ndoo. Kwenye taya niling'ata chuma: ndoana yenye kutu, uzi bado umefungwa. Nikaiweka ukingoni mwa sahani. Kelestini aliigeuza kwa ncha ya kidole, akasema fundo hilo ni la kwake.

Hatukugombana. Asubuhi ndoo ya chambo haikuwepo. Wenzake amewaambia samaki walivuliwa na ukoo kwa desturi, na Oliva amejichimbia matopeni. Shemeji asijue, tafadhali. Barua hii iwashie jiko.

Jana alinishikia tena mwamvuli. Kunibusu bado. Nampenda vilevile, dada, na Mungu anisamehe, nashukuru kwamba bado, kwa maana nikifumba macho naziona sharubu.

Wasalimie watoto, na mwambie shemeji tunamsalimu kwa heshima zote. Luciana anayekuletea barua hii mpe ndizi za njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Oliva wa nchi kavu.